Mama mkwe anahitaji winchi

Jamani mwenye mama mkwe anayependa treni aje tulie wote. Wangu anaishi Ifakara, na toka SGR, ile treni mpya ya umeme, ilipoanza kwenda Dodoma ile Julai 2024 hataki tena kusikia habari za basi. Anakwambia mwanangu mimi napanda TAZARA hapa nashuka Dar, nakamata ile ya umeme, mara niko Dodoma kwa shemeji yako, treni kwa treni. Treni kwa treni! Mama, nani kakudanganya hizo reli zinajuana?

Sikilizeni. Dar hii ina reli tatu na kila moja ina upana wake. Ya Mjerumani, hii reli ya kati aliyoanza kuijenga 1905 ikafika Kigoma 1914 (vita ikaanza mwaka huohuo, hata hakuifaidi maskini), upana wake milimita 1000. Miaka ya 70 akaja Mchina akatujengea TAZARA mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, hiyo ni 1067 ili iendane na za Zambia na kule kusini, sawa, hapo sina ugomvi. Halafu SGR nayo 1435. Yaani ya Mjerumani na ya Mchina zimepishana milimita 67, hebu weka kiganja hapo upime, kiganja chako kinazidi, na kwa ajili ya hizo 67 mzigo ukifika Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, lazima ushushwe behewa hili upandishwe lile ndo uendelee. Tena mzigo una afadhali, Kidatu kuna winchi. Mama mkwe winchi yake ni mimi.

Basi ndo unakuta niko pale TAZARA na kiroba cha mchele begani, mkononi jogoo kafungwa miguu ananiangalia kama mimi ndo niliyemfunga, na huyu mama yuko mbele anatembea mikono mitupu anasalimia watu. Dereva bajaji hata hatuangalii sisi, anaangalia kiroba halafu ndo anataja bei. Foleni ya Nyerere Road mnaijua wenyewe, siielezei. Tukifika SGR, vioo vitupu, mama anakagua stesheni nzima, anauliza hapa mahindi ya kuchoma wanauza wapi. Tiketi elfu 31 nani kalipa? Msiniulize.

Jogoo nilirudi naye nyumbani.

Nikajua nimemaliza. Simu ikaita, mama huyo analalamika eti madirisha hayafunguki, na wauza ndizi hajawaona, kaona tu miti inakimbia. Mwanangu hii treni ina haraka ya nini? Mama hiyo inakwenda kilomita 160 kwa saa, ndizi ungenunua kwa nani? Akakata simu kwa hasira, kama reli niliijenga mimi.

Sasa kafika Dodoma, kakaa wiki, kamkumbuka dada yake Tabora. Na SGR ya abiria inaishia hapo Dodoma, kwa hiyo Tabora ni kwa ile ya Mjerumani, na ya Mjerumani inapandiwa stesheni ya zamani kule mjini. Shemeji kanipigia usiku ananong'ona chooni, kaka hivi mama husafiri na mizigo mingi?

Nikamwambia hapana, kidogo tu.