Nionyesheni waliodungwa maji

Asubuhi ile niliweka simu sikio la kushoto, kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kuihamishia kulia, shangazi alikuwa bado anaongea: "Haloo, upo?"

Kwenye zahanati nikaambiwa ni nta, nikapewa matone. Siku tisa zikapotea. Daktari wa masikio alichukua kichuma chenye meno mawili, akakigonga gotini, akakisimamisha katikati ya paji langu la uso. Mlio nikausikia kulia tu. "Ingekuwa nta, ungeusikia kushoto," akasema. "Huu ni uziwi wa ghafla, tatizo liko sikio la ndani." Kazi ya nusu dakika! Akanianzishia steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, ambazo hufaa zaidi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Usikivu ulirudi, ila si wote.

Tangu hapo ndugu na jamaa hunitumia matangazo ya kliniki zinazouza sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kila kliniki na shuhuda zake. Jibu langu ni moja: nionyesheni waliodungwa maji matupu, ili tulinganishe, walipata nini. Uziwi wa ghafla una ujanja wake: kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya wagonjwa hupata nafuu bila dawa yoyote. Ukiwadunga hata maji ya dafu, shuhuda hutazikosa.

Kampuni ya Marekani, Frequency Therapeutics, ililijua hilo kwa uchungu. Dawa yake, FX-322, haikuwa seli. Ilikusudiwa kuziamsha seli za sikio la ndani zizae upya seli za nywele, zile zinazopokea sauti. Binadamu ana takriban 15,000 kila sikio, zikifa zimekufa. (Kuku huziotesha tena, jambo lililojulikana miaka ya 1980. Siku hizi nawatazama kuku wa mama kwa wivu.) Mwaka 2021 matokeo yalitoka: waliodungwa sindano isiyo na dawa nao walionekana kusikia vizuri zaidi, na dawa haikuwapita. Mwaka 2023 jaribio jingine likagonga mwamba, wakaiacha. Wengi waliwacheka. Mimi niliwaheshimu, maana walikubali kupimwa, wakatangaza walichokikuta.

Seli shina zenyewe sizidharau. Mwaka 2012 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walipandikiza seli zilizotokana na seli shina za binadamu kwenye masikio ya wanyama wa jamii ya panya walioharibiwa neva ya usikivu, na usikivu ukarejea kwa wastani wa asilimia 46. Ila neva, inayopeleka sauti kwenye ubongo, ni kitu kimoja, seli za nywele ni kingine, na mnyama hana tangazo la kutuuzia.

Wakihitaji watu wa kujaribiwa, nitajiandikisha, hata nikiangukia kwenye sindano ya maji. Mradi tu bei isiwe ya kumfanya mtu auze shamba.