Jumba la Mjerumani Lisiwe Sebule ya Mjerumani

Kila yanapozuka mazungumzo ya kuyageuza majumba ya mawe ya enzi ya Wajerumani jijini Mwanza kuwa makumbusho, mimi huwa upande wa wanaounga mkono, ila kwa sharti kwamba vyumba vyake vizuri visijazwe viti, vitanda na picha za mabwana shauri, yaani maofisa wa utawala wa kikoloni.

Kwanza suala la ulinzi, kwa sababu jumba likianguka hatutakuwa na cha kubishania. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, kwa hiyo jumba lao halipati kinga hiyo mpaka waziri alitangaze rasmi. Sheria hiyohiyo, ajabu yake, huulinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940, yaani mlango unaweza kuwa na haki kuliko ukuta unaoushikilia. Kubandika kibao cha makumbusho nako hakutoshi: Beit-al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 na kutumika kama makumbusho kwa miaka mingi, iliporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020, ikiwa katika ukarabati.

Sasa tuingie ndani. Kuanzia mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa kufanya kazi. Hapo ndipo ningeanzia maonyesho: mwamba, nyundo, na mtu aliyebeba jiwe. Mpaka leo wapo wakazi wa Mwanza wanaowasha moto juu ya mwamba ili upasuke, kisha wakauponda kuwa kokoto za kuuza. Ujuzi huo unastahili chumba kizima, na wenyewe waitwe waueleze kwa vinywa vyao, walipwe.

Chumba kingine kiwe cha ugonjwa wa malale. Kilima kimoja katikati ya mji kinaitwa kwa jina la Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuja ukanda huu wa ziwa mwaka 1906 kuchunguza ugonjwa huo. Katika visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye arseniki, na baadhi yao walipofuka. Wengi tunalitaja jina la kilima bila kuwakumbuka watu hao.

Pamba nayo isisahaulike, pamoja na wakulima waliojiunga na vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani miaka ya 1950.

Wapo watakaosema kwamba Bujora, makumbusho ya Wasukuma karibu na Mwanza, inatosha. Naiheshimu sana kazi iliyoanzishwa pale na Padri David Clement, lakini Bujora inasimulia ngoma, utemi na nyumba ya Msukuma. Yaliyompata Msukuma huyo alipoitwa bomani, yaani kwenye ofisi ya serikali ya kikoloni, yanahitaji mahali pake, na boma lenyewe ndilo mahali hapo. Maelezo yaandikwe kwanza kwa Kiswahili na Kisukuma, na wanafunzi wa Nyamagana na Ilemela waingie bure.