Kabla ya paneli, maabara: nishati ya chuo kikuu inapotelea wapi?

Chuo kikuu kinapoamua kulinda mazingira, mvutano wa kwanza huwa wa fedha. Wapo wanaotaka vitu vya kuonekana: paneli za sola juu ya mapaa, miti kando ya njia, na tangazo la mwaka ambao chuo kitakoma kuongeza hewa ukaa angani. Wapo pia wanaosema tuanze na mita, mabomba na mitambo ya hewa. Hawa wa pili, ambao aghalabu ni mafundi wa majengo na wahandisi wachache, husikilizwa kidogo na hudhaniwa kuwa wabana matumizi wasiojali mazingira. Wanaonewa.

Wa kwanza nao wana hoja. Tangu Azimio la Talloires la mwaka 1990, lililoandaliwa na wakuu wa vyuo vikuu waliokutana Ufaransa, ahadi za hadharani zimewapa wanafunzi kitu cha kuwabana nacho viongozi wao. Tarehe ikishatangazwa, ni vigumu kuifuta kimyakimya. Paneli nazo huzalisha umeme na hapohapo zikawa somo. Na bila kelele za vijana, vyuo vingi visingekuwa hata na fungu la mazingira kwenye bajeti.

Ila ahadi inaweza kutimia kwenye hesabu kuliko kwenye majengo. American University ya Washington ilitangaza mwaka 2018 kuwa imesawazisha kaboni yake yote, yaani kwa hesabu haiongezi tena hewa ukaa angani, na sehemu ya usawazisho huo ilitokana na hati za kaboni, yaani kulipia miradi ya kwingine ipunguze uchafuzi kwa niaba ya chuo. University of California nayo ilijiwekea mwaka 2013 lengo la kufikia usawazisho huo ifikapo 2025. Baadaye ikalibadilisha: sasa inataka kupunguza uchafuzi wake yenyewe kwa angalau asilimia 90 ifikapo 2045. Wapo walioiona hatua hiyo kama kurudi nyuma. Mimi naiona kuwa ya kweli zaidi, kwa sababu asilimia hizo lazima zipatikane ndani ya majengo.

Na ndani ya majengo, nishati nyingi huliwa na maabara. Kwa kila mita ya mraba, maabara hutumia nishati mara kadhaa kuliko ofisi, na sababu kubwa ni hewa. Chukua lile kabati lenye kioo cha kupandisha na kushusha, ambamo mkemia hufanyia kazi ili mvuke wenye sumu usimfikie. Kabati hilo hufyonza hewa ya chumba na kuitupa nje, mchana na usiku. Hewa hiyo ilishapozwa au kupashwa joto kwa gharama, na inayokuja kujaza nafasi yake lazima nayo ipozwe au ipashwe. Makadirio yanayotumika sana nchini Marekani ni kwamba kabati moja hula nishati ya nyumba zaidi ya 3 za kawaida za huko. Chuo kikubwa cha utafiti kina makabati kwa mamia.

Hapo ndipo bango la "Funga kioo" linapobandikwa, na hapo ndipo fundi anapohitajika. Kwenye jengo ambalo mtambo wake hupunguza mvuto wa hewa kioo kikishushwa, bango hilo huokoa nishati nyingi. Kwenye jengo la zamani ambalo feni huvuta kiasi kilekile saa zote, kushusha kioo humkinga mtafiti, lakini nishati inayookolewa ni kidogo mno. Kampeni moja, bango moja, matokeo mawili tofauti kabisa. Na anayejua jengo lipi ni lipi ni yule ambaye hakualikwa kwenye kikao.

Watafiti wana hofu yao, na si ya kupuuzwa: hewa ikipunguzwa ovyo, mtu anaumia. Kwa hiyo vyuo vilivyofanikiwa havikuzima tu feni. Tawi la Irvine la University of California liliweka vihisi vinavyopima usafi wa hewa. Ikiwa safi, mtambo hupungua, ikichafuka huongeza kasi mara moja. Maabara zilizorekebishwa hivyo zimepunguza matumizi kwa nusu au zaidi. Friza za sampuli nazo hutegwa kwa mazoea nyuzi 80 chini ya sifuri. Kuzitega nyuzi 70 chini ya sifuri hupunguza umeme wake kwa takriban theluthi, na sampuli nyingi huhimili.

Chuo Kikuu cha Stanford, nacho cha Marekani, kilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 kiliachana na mtambo wake wa gesi na kubadilisha mabomba ya mvuke kuwa ya maji moto. Joto linaloondolewa kwenye majengo yanayopozwa sasa hupelekwa kupasha mengine, maana chuo hupoza na kupasha saa ileile. Mabomba hayo yamefukiwa ardhini, na hakuna mgeni atakayepiga nayo picha.

Kinachokwamisha, kwa maoni yangu, ni utaratibu wa malipo. Mtafiti anayeacha friza tatu zikinguruma halipi bili. Inalipwa na ofisi kuu. Fundi anayeokoa umeme haoni hata senti ikirudi kwenye kazi yake, na mwaka unaofuata bajeti yake hukatwa kwa kuwa ametumia kidogo. Baadhi ya vyuo, Harvard kikiwemo, vimewahi kuanzisha mfuko unaozunguka: idara hukopeshwa fedha za marekebisho, hulipa kutokana na akiba ya nishati, kisha fedha hizo huenda kwenye jengo jingine. Mfuko wa namna hiyo hauzuii paneli. Mahitaji yakishapungua, paneli chache zaidi zinatosha, na anayestahili kupanga majengo yaanze lipi, yafuate lipi, ni fundi mwenye rekodi za mita mkononi.