Mambo Hayo Yarudishwe

Jana usiku pembeni mwa skrini limetokea neno MARUDIO, kwa herufi nyekundu. Nikakaa sawasawa. Nikavua miwani, nikaifuta kwa pindo la khanga ya mama watoto, nikawaambia wajukuu nyamazeni, leo mtawaona watu walioigiza kabla mama zenu hawajajua kusuka. Marudio yakaanza. Marudio ya nini? Ya tamthilia ya saa tisa alasiri! Yule yule Mturuki mwenye ndevu za kupimwa kwa rula, kasimama ufukweni na suti yake, anamtazama yule yule binti mpaka wewe uliyeko Chang'ombe ya Dodoma unaona aibu kwa niaba yao. Akifungua mdomo, sauti inayotoka ni ya kijana anayetangaza magodoro redioni. Baba yake naye akiongea, ni kijana yule yule wa magodoro, kaongeza kikohozi tu.

Nauliza, na nauliza kama mjumbe wa mtaa, mtu mwenye daftari lake, si kama mlalamikaji: hayo nayo ni marudio? Mama watoto akinipa ugali mchana, usiku akaniletea kiporo chake, siwezi kusimama kwenye kikao nikasema leo tumekumbuka vyakula vya asili. Na kifurushi nimelipia.

Ukitaka kurudia, rudisha kitu watu walichokikosa. Rudisha Mambo Hayo, ule mchezo wa kuigiza wa zamani kwenye TV. Rudisha michezo ya kundi la Kaole, Mzee Jengua akikunja uso, Bi Hindu akianza maneno yake, Mzee Kipara ndiyo kwanza anaingia hajasema kitu na nyumba nzima inacheka. Wakati ule mtaa wetu ulikuwa na TV moja, chogo, ambalo mgongoni ungeweza kumlaza mtoto mchanga. Antena ilifungwa kwenye mlingoti wa mti, na upepo wa Dodoma mnaujua, hauna ratiba. Kwa hiyo kila mchezo ulikuwa na mtu mmoja nje, kakumbatia mlingoti, anapiga kelele "Hapo?" na sisi ndani "Bado! Bado! Hapo hapo! Umepitiliza!" Bishanga, yule mwigizaji wa Mambo Hayo, mimi nilimfahamu zaidi kwa sauti. Sura ilikuwa chenga. Lakini hakuna aliyekwenda kulala.

Leo asubuhi nikasema basi, najitegemea. Nikavaa koti. Hili koti ni la misiba, vikao, na siku ya kufuatilia jambo serikalini. Nikaazima flashi ya binti yangu, nikapanda bajaji mpaka karibu na soko la Sabasaba, kuna kijana ana kibanda cha kuingiza muvi. Kibanda kimebandikwa mabango ya Wakorea mpaka mlangoni, huoni pa kugonga hodi. Ndani kuna kompyuta, spika kubwa kama inayohubiria mkutano, na benchi. Kwenye benchi kakaa mama mmoja wa jumuiya yetu, anasubiri kuwekewa kwaya kwenye memori kadi. Pembeni yake vijana wawili wa bodaboda. Nikasalimia wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Biashara?"

"Tunasukuma. Sizoni au singo?"

Singo siijui. Nikajibu kwa utulivu wa mtu anayeijua: "Yoyote itakayokuwepo."

"Unatafuta nini hasa?"

"Nataka Mambo Hayo."

Kijana akavua hedifoni sikio moja. "Mambo gani, mzee?"

"Mambo Hayo."

"Yapi?"

"Hayo, bwana! Yale ya zamani."

Akapunguza spika. Balaa lote lilianzia hapo, maana sasa kila nilichosema kilisikika mpaka kwa muuza nyanya. Akachungulia nje, kushoto, kulia, kisha akaniinamia. "Mzee wangu, hayo hapa hatuweki. Wakinikamata nayo wananifungia."

"Wakufungie kwa kosa gani? Sisi tulikuwa tunaangalia sebuleni, watoto wamekaa mkekani!"

Bodaboda mmoja akasema, "Yesu wangu."

"Na watoto, mzee?"

"Na watoto, na mama mkwe. Tena mama mkwe ndiye alikuwa wa kwanza kuwahi kiti. Mtaa mzima unajazana, waliokosa nafasi wanaangalia dirishani. Hakuna aliyedhurika!"

Yule mama wa jumuiya akaanza kutafuta kitu kwenye pochi. Alikitafuta sana. Nina hakika hakikuwamo.

Nami nikaona huyu kijana hana historia, acha nimwelimishe. "Mwanangu, wale walikuwa mafundi. Bishanga yule! Na Waridi! Siku hizi nani anaweza vile?"

"Kwa hiyo..." kijana akameza mate, "kwa hiyo walikuwa wanatumia majina yao?"

"Wafiche ya nini? Nchi nzima inawajua. Yalikuwa yanaonyeshwa ITV!"

"ITV hii hii?"

"Hii hii!"

Bodaboda wa pili akatoa simu. Akaniambia, kwa adabu sana, "Mzee, hapo kwenye ITV hebu rudia."

Sasa hapa niseme jambo. Yule mama wa jumuiya ni rika langu. Mambo Hayo anayafahamu, tena siku zile alikuwa wa dirishani, kiwiko chake nimekipokea mbavuni mara nyingi. Angeweza kuniokoa mapema. Akasubiri. Akasubiri mpaka simu imewashwa, mpaka muuza nyanya amekuja na ndoo yake kusimama mlangoni, ndipo akasema bila kuniangalia: "Anataka ule mchezo wa zamani. Wa kwenye TV."

"Aaah!" kijana akapumua. "Bongo Muvi ya zamani! Si useme, mzee. Ninazo za kale kabisa. Hii hapa, 2016."

2016! Mimi nina kandambili za 2016.

"Ya enzi za Mkapa, mwanangu."

"Mzee, enzi za Mkapa hata mimi sipo."

Akaandika kwenye kompyuta, mambohayo, kitu kimoja bila nafasi. Ikaleta kwaya, mahojiano ya mganga, na mtu anafundisha kupika maandazi. Akajaribu Kaole, ikaleta Kanumba. Nikasema vizuri, umekaribia, huyu alipita Kaole kabla ya kuwa Kanumba mnayemjua, sasa rudi nyuma kidogo. Akasema nyuma hakurudiki. Mwisho akaniwekea sizoni ya Kikorea iliyotafsiriwa, akanituliza kuwa nitaipenda, kuna mfalme humo ana umri kama wangu. Buku moja. Nikalipa. Mnaniuliza kwa nini nimelipa? Nilikuwa nimevaa koti! Mtu aliyevaa koti hawezi kugombania buku mbele ya muuza nyanya!

Kutoka Sabasaba mpaka nyumbani si mbali, lakini habari zilinitangulia. Mama watoto kasimama mlangoni. "Nasikia umekwenda kutafuta mambo hayo." Nikamwambia kwa umri huu ningeyapeleka wapi. Hakucheka.

Binti yangu akasema, baba, mbona YouTube vipo. Nikatoa hela ya bando. Akanionyesha kipande ambacho nusu yake ni kijana ananiomba nibonyeze kengele. Fundi king'amuzi nimempigia pia, kasema nizime niwashe. Huyo tangu analogia wazime mitambo yao hapa Dodoma mwanzoni mwa 2013 jibu lake ni hilo hilo.

Akaja mpwa wangu, anasoma Udom. Mtoto mzuri, kosa lake ni kusoma. Kanieleza kuwa huenda kanda zenyewe hazipo tena, hata BBC kule Uingereza miaka ya 1960 na 1970 walifuta vipindi vyao wapate kanda za kurekodia vingine. Nikamjibu kuwa hao walikosa malezi, tuendelee. Ndipo akasema: "Mjomba, na ile Twende na Wakati ya redioni, unajua Dodoma waliwanyima makusudi?"

Nikamwambia rudia taratibu.

Akarudia. Twende na Wakati ilianza Radio Tanzania mwaka 1993, mara mbili kwa wiki, mchezo wa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Mle ndani kuna Mkwaju, dereva wa lori, kila anapoegesha ana mwenyeji, na mkewe Tunu ameachiwa nyumba. Nchi ikasikiliza. Isipokuwa Dodoma. Mtambo wa hapa saa hiyo ukawa unarusha vipindi vingine mpaka 1995, ili watafiti wapate watu wa kulinganisha nao: hawa wamesikia, hawa hawajasikia, tuone nani kabadilika. Na wakaandika, wakachapisha 1999 Marekani, jarida la mambo ya uzazi wa mpango, jina la kwanza Profesa Everett Rogers. Kanionyesha kwenye simu. Dodoma imetajwa. Tumetajwa sisi.

Hebu tuelewane. Mwanza wanaambiwa panga uzazi. Mbeya wanaambiwa panga uzazi. Dodoma tunawekewa vipindi vya hapa hapa na tunaachwa tuendelee! Walipokuja kuhesabu wakakuta kweli, waliousikia mchezo wamekimbilia kliniki za uzazi wa mpango kuliko sisi, wakaandika kwamba mchezo unafanya kazi. Sisi ndio uthibitisho. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, taa nimezima, kumbe niko kwenye jedwali!

Ndiyo maana kaka yangu wa Mwanza alikuwa akija likizo anasimulia, Mkwaju kafanya hivi, Mkwaju kamkimbia mkewe, mimi nikadhani ni jirani yake. Siku aliposema Mkwaju anaumwa, nilimpa pole.

Mapacha wangu wamezaliwa 1994. Mama watoto alikuwa anachambua mlenda, mikono ikasimama. "Kwa hiyo hawa ni wa utafiti?" Hakuna aliyemjibu.

Mimi sasa silalamiki tena, nadai. Dodoma irushiwe Twende na Wakati ya 1993 kuanzia sehemu ya kwanza, kwa saa ile ile, na tangazo la magodoro lisiingie katikati. Zamani ungeniambia nifuate Dar. Siku hizi wizara ziko Mtumba, bajaji moja na daladala moja, koti ninalo.

Na wakishafungua hilo kabati la kanda, wapekue mpaka chini. Kuna Muhogo Mchungu humo. Vijana wakisikia wanamfikiria yule mzee mkali wa Kaole. Sisemi yeye, nasema filamu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwigizaji wake mkuu ni Rashidi Kawawa. Ndiyo, Simba wa Vita mwenyewe! Aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, tena alikuwa kwenye kiti hicho mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie hapa kwetu. Nitajieni nchi nyingine yenye waziri mkuu staa wa sinema. Reagan msiniletee, Reagan alikuwa rais. Mtu huyo ana haki ya kuonyeshwa angalau siku ya sikukuu, badala ya tamasha la mwaka jana lenye msanii anayefuatisha sauti yake mwenyewe.

Waweke na Fimbo ya Mnyonge ya 1976, Yombayomba anatoka kijijini kwenda mjini kutafuta kazi, kazi haipo. Hiyo hata wasiseme ni ya zamani, waiweke baada ya taarifa ya habari, watu watadhani inaendelea. Mama watoto ameniagiza niongeze Isidingo, anamtaka Cherel. Anasema mwanamke mwovu wa kiwango kile hajatokea tena, hawa wa Kituruki wanalia sana, na mtu mwovu hapaswi kulia. Hapo namuunga mkono, ingawa Isidingo ni ya Afrika Kusini na sitaki kuingilia mambo ya nchi jirani kabla ya kumaliza ya Chang'ombe.

Tatizo mpwa kaongea mbele ya watu. Pacha mkubwa, amevuka thelathini na bado yuko chumba cha uani, kasikia yote. Mchana kutwa katulia, jioni kaja sebuleni kachana nywele. Anasema kama yeye ni matokeo ya utafiti, basi lazima kuna mahali kuna fidia, na ameuliza kama fomu zinapatikana Mtumba au mpaka Marekani. Nikamwambia fomu hakuna. Akasema basi aandikiwe barua ya utambulisho na mjumbe, ataanzia hapo. Mjumbe ni mimi. Barua ya mjumbe ni elfu mbili, na ameniomba nimkopeshe.