Gemu ya Peke Yako na Gemu ya Umati: Uchangamano Uko Wapi?

Wapenzi wa gemu za kuigiza wahusika hawachoki kubishana: zipi zina mambo mengi zaidi, zile za mchezaji mmoja au zile za mtandaoni zinazokusanya maelfu kwa wakati mmoja? Wengi huanza kuhesabu silaha, ujuzi na ukubwa wa ramani. Hesabu hiyo haitufikishi popote. Cha kuuliza ni uchangamano wenyewe unatoka kwa nani: kwa mtunzi, au kwa watu waliomo ndani.

The Witcher 3, iliyotolewa 2015 na studio ya CD Projekt Red ya Poland, inaonyesha mtunzi anaweza kufika wapi. Geralt, mhusika unayemchezesha, anakuta roho iliyofungwa chini ya mti. Ukiiachia, watoto yatima wa kinamasini wanaokoka, lakini kijiji cha jirani kinaangamizwa, mke wa Baroni, bwana wa eneo hilo, anakufa na Baroni mwenyewe anajinyonga. Ukiiua, watoto wanaliwa. Yule mama anabaki hai ila akili zimemruka, na mumewe anaondoka naye kumtafutia tiba. Unaamua ukidhani ni kazi ndogo ya njiani, na matokeo yanakukuta mbele ya safari. Mtunzi anamudu kukufanyia hivyo kwa kuwa dunia yote ni yako peke yako.

Mtandaoni, kijiji kikiteketea kwako kitakuwaje kwa mwenzako ambaye hajafika? World of Warcraft, gemu maarufu ya mtandaoni, ilijaribu kulitatua hilo 2008 kwa kubadilisha eneo kulingana na hatua ya kila mchezaji, na marafiki wakajikuta wamesimama mahali pamoja bila kuonana. Kabla yake, Ultima Online ya 1997 ilitengenezewa ikolojia: walao nyasi, na wanyama wa kuwawinda. Wachezaji walifyeka kila kilichotembea kabla hakijazaliana, mfumo ukaondolewa.

Hata hivyo, umati unaovunja mipango ya mtunzi huzaa mambo ambayo hakuna mtunzi angeyaandika. Septemba 2005, ndani ya World of Warcraft hiyohiyo, laana ya damu ya Hakkar, adui mkubwa wa kupambana naye kwa kikundi, iliyokusudiwa kubaki kwenye pambano hilo moja, ilitoka nje kupitia wanyama wanaofuatana na wachezaji na kuingia mijini. Wachezaji wa ngazi za chini walikufa papo hapo, mitaa ikajaa mifupa. Wapo waliojitolea kutibu wenzao, waliokimbilia porini, na walioisambaza makusudi. Kanuni yenyewe ilikuwa nyepesi: ukimkaribia mgonjwa, unaambukizwa. Yaliyobaki yote yalitoka kwa binadamu, na wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wakaandika makala za kitaaluma kuyachambua.

Tusiipambe mno sifa hiyo. Saa nyingi za gemu za mtandaoni ni kuua nguruwe kumi, kupeleka ngozi, kisha kurudia. Na watu wakihama, uchangamano huhama nao, ilhali The Witcher 3 inakusubiri vilevile miaka kumi baadaye.

Kwa uzito wa uamuzi, nawapa ushindi watunzi wa gemu za mtu mmoja. Ninachowalaumu wa mtandaoni ni kudhoofisha utajiri wao wenyewe. Mwishoni mwa 2009 World of Warcraft ilileta kifaa cha kukupangia kikundi kwa kubofya tu, pamoja na watu wa seva nyingine, yaani nakala nyingine ya dunia hiyo yenye wachezaji wake, ambao huenda usiwaone tena. Muda uliokolewa, kweli. Lakini zamani tapeli aliyenyakua nyara za kikundi alijulikana seva nzima, na mganga hodari alitafutwa kwa jina.