Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone, na Mgeni Je?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika miaka yote niliyosafiri nimeisubiri bila mafanikio nusu ya pili ya methali hiyo, ile ambayo ingeeleza mgeni mwenyewe atapona lini. Mimi si mtu wa makuu. Nikiwa ugenini nataka tu kupanda chombo kinachokwenda ninakokwenda, kwa saa niliyoambiwa, na nikifika nichaji simu yangu.

Hata hilo la simu limenishinda. Shirika la kimataifa la viwango vya umeme limeorodhesha aina 15 za plagi, kila moja na herufi yake, kuanzia A hadi O. Italia na Uswisi zinapakana, lakini tundu la katikati la soketi ya Italia limejipanga sawasawa na wenzake, ilhali lile la Uswisi limejitenga kidogo pembeni, kama mtu aliyenuna kwenye picha ya harusi. Plagi yangu ya pini tatu ilivuka mpaka salama. Umeme ndio uliokataa kuipokea.

Ila soketi haina huruma, na kisicho na huruma hukizoea upesi. Wanaonimaliza ni watu wema. Nilipokuwa Bulgaria nilisimama kwenye mlango wa treni, nikamwuliza kondakta kama inakwenda Plovdiv, naye akatikisa kichwa kushoto na kulia kwa upole mwingi. Nikamshukuru, nikashusha begi langu, nikasimama pembeni kuisubiri treni ya Plovdiv, huku treni ya Plovdiv ikiondoka mbele ya macho yangu. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi alinieleza, baada ya kucheka kwa muda ambao kwa maoni yangu ulizidi kipimo, kwamba kwao kutikisa kichwa ni kukubali, na kukiinua ni kukataa.

Nikalishika somo hilo kama mwanafunzi anayekaa mbele. Treni iliyofuata ilipowasili nilimwuliza mfanyakazi mwingine swali lilelile, naye, alipoona begi langu na uso wangu wa kigeni, akanihurumia na kuamua kunijibu kwa desturi za kwetu: aliinamisha kichwa mara mbili, kwa maana ya ndiyo. Mimi niliyekwisha kuwa Mbulgaria kwa muda wa saa moja na nusu nilielewa hapana, nikamshukuru na yeye, na nikaiaga treni ya pili. Kumbe adabu mbili zikikutana mlangoni, hakuna anayeingia.

Nepal sitaisema sana, maana ilinikosea robo saa tu: ukivuka mpaka kutoka India, unasogeza saa yako mbele kwa dakika 15. Kwa tofauti ya saa nzima mtu anaweza kulaumu jua, lakini robo saa ni ukaidi mtupu.

Ethiopia ndiyo niliyoiendea kwa kifua mbele, kwa sababu Waethiopia, kama sisi tusemao Kiswahili, huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Nilihisi nimefika kwa ndugu. Ni kweli kwamba kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya hii tuliyoizoea kwa miaka 7 au 8, kwa hiyo kwa hesabu yao pasipoti yangu ilikuwa bado haijatolewa, lakini nilikuwa tayari kuwasamehe hayo yote kwa ajili ya saa. Jioni nilimwuliza kijana wa mapokezi hotelini basi la kesho litaondoka saa ngapi, naye akanijibu kwa tabasamu kwamba ni saa sita. Nikalala usingizi wa mtu aliyeeleweka.

Nilifika kituoni saa sita kamili mchana, nimeoga, nimenyoa ndevu, nimekunywa kahawa vikombe viwili. Kituo kilikuwa kitupu. Yule kijana, kwa ukarimu wake, alikuwa ameibadili saa kumi na mbili ya alfajiri kuwa saa sita ya wageni, ili nisije nikachanganyikiwa, na basi lilikuwa limeshaondoka saa sita zilizopita.