Mlango Usio na Kufuli

Tangu Agosti 1954, ilipotoka katika jarida la Astounding, hadithi fupi ya Tom Godwin, The Cold Equations, haijaacha kuwagombanisha wapenzi wa bunilizi ya kisayansi. Chombo kidogo cha angani kinapeleka dawa ya homa kwa wagonjwa sita kwenye sayari ya mbali. Mafuta yake yamepimwa yamtoshe rubani na shehena, basi. Njiani anagunduliwa mzamiaji, mtu aliyejificha chomboni asafiri kwa siri: Marilyn, msichana wa miaka 18 anayemfuata kaka yake. Akibaki, chombo kitaanguka na wote wanane watakufa. Anatolewa nje, angani.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Uzito ni uzito, machozi hayaupunguzi. Mhariri John W. Campbell alimrudishia Godwin kazi yake mara kadhaa, kwa kuwa mwandishi kila mara alipata hila ya kumwokoa binti. Ukali huo uliwafundisha wasomaji wengi kuiheshimu hesabu.

Wanaoipinga huambiwa wana moyo laini, kwamba hesabu inawatisha. Sivyo hata kidogo. Wao ndio wanaoidai hesabu nzima. Ndege ya jeti ya abiria leo hupangiwa kutua ikiwa bado na akiba ya mafuta ya dakika 30, kwa sababu waliopanga walijua kwamba mambo huharibika. Godwin anatueleza kuwa meli mama, ile kubwa inayobeba vyombo vidogo kama hiki, hubeba mafuta kwa kibaba, na hilo nalikubali. Lakini dawa ya watu sita kupakiwa kwenye chombo ambacho uzito wa msichana mmoja unatosha kukiangusha?

Na ule mlango! Kila nikiirudia hadithi hii naishia hapo. Kanuni inaamuru mzamiaji atolewe nje mara tu aonekanapo. Maana yake wakubwa walijua kuwa watu huzamia. Walijua, wakatunga kanuni ya kuua, kisha mlangoni wakabandika tangazo la kukataza watu kuingia. Hakukuwa na kufuli wala mlinzi wa kumzuia, wala aliyepekua kabati alimojificha kabla ya safari. Marilyn alilisoma tangazo lile akadhani atatozwa faini. Halikumwambia kwamba atakufa.

Mvutano wa sayari haukuchaguliwa na mtu. Kiasi cha mafuta kilichaguliwa, na kufuli pia, lakini katika saa nzima aliyobakiwa nayo binti yule hakuna anayeuliza ni nani aliyechagua.